Mgeni na Mwenyeji juu ya Kilima cha Buda

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ina watu wawili tu: mmoja amefika na vumbi la safari miguuni, na mwingine yumo nyumbani mwake pamoja na njaa, ugonjwa au upweke wake. Kuja kwa mmoja ni nafuu ya mwingine. Chungu kilichokuwa hakiinjikwi huinjikwa, kuku aliyekuwa haguswi huchinjwa, na nyumba nzima hula kwa baraka ya mgeni. Lakini biashara ya karne ya 20 ilimleta mtu wa tatu ambaye wahenga hawakumweka katika methali yao. Mtu huyu hakusafiri, na nyumba si yake; hata hivyo jina lake ndilo lililoandikwa juu ya mlango, na desturi zake ndizo zifuatwazo jikoni na vyumbani. Mtu huyo ni kampuni ya hoteli, ambayo huweka jina moja juu ya nyumba nyingi katika nchi nyingi. Anapofika yeye, yafaa kuuliza upya: nani mgeni, nani mwenyeji, na nani anayepona?

Swali hili laweza kuulizwa mahali pengi, lakini ni pachache panapolijibu waziwazi kama kilima cha Buda katika mji wa Budapest, makao makuu ya Hungaria. Mto Danube huugawa mji huo pande mbili. Mashariki ni Pest, mji wa tambarare, wa biashara na wa bunge. Magharibi ni Buda, mji wa vilima. Sehemu hizo, pamoja na Óbuda, ziliunganishwa kuwa mji mmoja mwaka wa 1873. Juu ya kilima kimoja cha Buda, kirefu na chembamba, yamesimama majengo matatu yaliyokaribiana hata kivuli cha moja huangukia jingine: Kanisa la Matthias, ambamo Franz Joseph alivikwa taji la Hungaria mwaka wa 1867, Ngome ya Wavuvi, yenye minara myeupe inayotazama mto, na kando yao hoteli ya Hilton, yenye kuta za kioo cha rangi ya shaba.

Msafiri aliyepewa chumba cha upande wa mto huamka akaiona Danube chini yake, na ng'ambo yake jengo la bunge lililokamilika mwaka wa 1904. Akitembea ndani ya hoteli huyakuta mawe ya kanisa la karne ya 13. Kitanda chake, taulo zake na sabuni yake hazina tofauti kubwa na vile ambavyo angepewa chini ya jina hilohilo katika mji mwingine wowote; lakini mawe yale hayapatikani mahali pengine popote. Historia ya hoteli hii ni historia ya jinsi vitu viwili, kile cha kila mahali na kile cha mahali pamoja tu, vilivyokutanishwa chini ya paa moja. Ni historia pia ya bei ya kukutana huko, na ya mtu aliyeilipa.

Mji wa kilimani ulizaliwa na hofu. Mwaka wa 1241 majeshi ya Wamongolia yaliingia Hungaria, na yalipoondoka mwaka wa 1242 yaliiacha nchi katika ukiwa. Mfalme Béla wa Nne alijifunza kwamba mji wa tambarare usio na ukuta ni nyasi mbele ya moto, akaanza kujenga mji juu ya kilima na kuuzungushia boma. Wahungaria na Wajerumani wakakaa humo, kila taifa na kanisa lake. Miongoni mwa wageni wa mwanzo walikuwa watawa wa shirika la Mtakatifu Dominiko, ambalo wakati ule lilikuwa changa, kwani lilipata idhini ya Papa mwaka wa 1216. Walijenga kanisa la Mtakatifu Nikola na makao yao upande wa mashariki wa kilima, juu ya mto, na mwaka wa 1254 mkutano mkuu wa shirika lao ulifanyika Buda. Watawa waliotoka pembe nyingi za Ulaya waliishi chini ya kanuni moja na kusali kwa Kilatini kimoja, na mtawa aliyetoka nchi ya mbali hakuwa na haja ya kufundishwa saa ya kula wala saa ya kulala. Kwa maana hiyo nyumba ile ilikuwa moja katika mlolongo wa nyumba zenye jina moja na desturi moja, miaka 700 kabla ya Hilton. Tofauti yao ni kwamba mlolongo ule haukuundwa kwa ajili ya faida.

Katika karne ya 15, wakati wa Mfalme Matthias aliyetawala tangu 1458 hata 1490, Buda ilikuwa mji wa wasanii na wanavyuoni, na wengi wao walitoka Italia. Mwaka wa 1473 mchapaji András Hess alichapa mjini humo kitabu cha kwanza kupigwa chapa katika Hungaria. Uwanja ulio mbele ya hoteli hata leo unaitwa kwa jina lake. Kisha zikaja zamu nyingine. Waturuki waliutwaa mji mwaka wa 1541 wakakaa karibu miaka 145, na kanisa kubwa likageuzwa msikiti. Majeshi ya wafalme wa Kikristo yaliuzingira na kuutwaa tena mwaka wa 1686, lakini kilichotwaliwa kilikuwa kifusi, na kanisa la Nikola lilikuwa gofu. Wajesuiti walipewa mahali karibu na kanisa kubwa, wakajenga chuo chao, na kuta mpya zikasimama pamoja na mabaki ya zile za kale. Mwaka wa 1773 Papa alilivunja shirika lao, na nyumba ikaingia mikononi mwa dola. Hivyo kiwanja kimoja kilipokea mgeni juu ya mgeni, na kila mmoja alijenga kana kwamba ndiye wa mwisho.

Katika uwanja huohuo ipo nyumba ndogo yenye sanamu ya kalunguyeye mwekundu juu ya mlango wake. Katika karne ya 18 nyumba hiyo ilikuwa nyumba ya wageni, na watu walikusanyika humo kwa ngoma na michezo ya kuigiza. Yafaa kuikumbuka nyumba ya Kalunguyeye Mwekundu kwa sababu inaonyesha hali ilivyokuwa kabla ya mtu wa tatu kuja. Alama ya mlangoni ilikuwa ya nyumba ile na ya uwanja ule. Msafiri aliyeiona hakuahidiwa kwamba angekikuta kitanda cha namna hiyo Vienna wala Venice. Aliahidiwa kalunguyeye huyu, katika mji huu, na mwenyeji wake.

Pigo kubwa kuliko yote lilikuja katika vita vya pili vya dunia. Jeshi la Kisovieti lilikamilisha kuizingira Budapest katika siku za Krismasi za mwaka 1944, na mapigano yakadumu mjini hata tarehe 13 Februari 1945. Pest ilianguka katika Januari. Madaraja yote ya Danube yalivunjwa, pamoja na Daraja la Minyororo lililokuwa limeunganisha Buda na Pest tangu 1849, na kilima cha Buda kikawa ngome ya mwisho ya Wajerumani na Wahungaria waliopigana upande wao. Raia walijificha katika ghala na mapango ya chini ya kilima. Vita vilipokwisha, jumba la kifalme lilikuwa limeungua, nyumba nyingi za kilimani hazikuwa na paa, na nyumba ya zamani ya Wajesuiti ilikuwa imeharibika vibaya. Ng'ambo ya pili, hoteli mashuhuri za ukingo wa Pest, kama Ritz, Hungaria na Carlton, zilikuwa zimeteketea. Mji uliojivunia kupokea wageni ulipoteza katika majuma machache sehemu kubwa ya vitanda vyake bora.

Walakini mabomu yalifanya kazi moja ambayo hakuna aliyeikusudia. Plasta ya karne ya 18 ilipobanduka katika kuta za kilimani, ilionekana kwamba nyuma yake zimefichika nyumba za zama za kati. Yalitokeza madirisha ya mawe yaliyochongwa, na hasa viti vya ukutani katika njia za malangoni, vimepangwa mfululizo, kila kimoja chini ya tao lake. Matumizi yake hasa yamebishaniwa, lakini msomaji aliyepata kukaa katika daka la nyumba ya mawe ya Lamu hatavitazama kama vitu vya ajabu. Daka ni mahali pa mtu ambaye hajaingizwa ndani bado wala hajaachwa njiani. Wahifadhi wa majengo waliamua kwamba vitu hivyo visifunikwe tena. Tangu hapo, kila aliyetaka kujenga juu ya kilima alitakiwa kwanza kuyauliza mawe.

Wakati huohuo fikra mpya zilikuwa zikienea katika Ulaya juu ya namna ya kuyatunza majengo ya kale. Mwaka wa 1964 mafundi na wanaelimu wa nchi nyingi walikutana Venice wakatoa mwongozo ambao umejulikana kwa jina la mji huo. Kwa muhtasari, mwongozo ulifundisha kwamba ukarabati ukome pale ambapo kubahatisha kunaanza, na kwamba nyongeza isiyoepukika isijifanye ya kale, bali ioneshe wazi kuwa ni kazi ya wakati wake. Wahifadhi wa Hungaria waliipokea fikra hii kwa moyo. Waliona kwamba karne ya 19 ilikuwa imekwisha kuwadanganya watu vya kutosha kwa majengo mapya yaliyovishwa nguo za mababu.

Hapo ndipo yafaa kumtazama mtu wa tatu alikotoka. Conrad Hilton alizaliwa New Mexico mwaka wa 1887, na alinunua hoteli yake ya kwanza, Mobley, katika mji mdogo wa Cisco, Texas, mwaka wa 1919. Badiliko kubwa lilikuja mwaka wa 1949 huko San Juan, Puerto Rico. Serikali ya kisiwa kile ilijenga hoteli kwa fedha zake. Hilton akaleta jina, ujuzi na wasimamizi. Mapato yakagawanywa baina yao. Mpango huu ulikuwa mwepesi na wenye akili nyingi. Sehemu kubwa ya hatari ya kujenga ilibaki kwa mwenye nchi, na kampuni ikaweza kuenea ulimwenguni bila ya kununua ulimwengu. Kwa njia kama hiyo jina la Hilton lilifika Madrid mwaka wa 1953, Istanbul mwaka wa 1955 na Berlin Magharibi mwaka wa 1958. Mwenyewe hakuficha kwamba aliziona hoteli zake za ng'ambo kuwa pia hoja ya Marekani dhidi ya ukomunisti: kila chumba chenye maji ya moto na barafu kilikuwa mahubiri yasiyo na sauti. Mwaka wa 1967 tawi la ng'ambo liliuzwa kwa kampuni ya ndege ya TWA. Hii haikuwa ajabu, kwani hoteli za Intercontinental nazo zilianzishwa na kampuni ya ndege, Pan American, mwaka wa 1946. Aliyekuwa akiuza kiti cha ndege alitaka kuuza na kitanda.

Jinsi mahubiri hayo yalivyokaribishwa katika nchi ya kikomunisti ni jambo linalohitaji maelezo. Mwaka wa 1956 Wahungaria waliinuka kupinga utawala wao, na vifaru vya Kisovieti vikauzima mwinuko huo kwa damu. Serikali ya János Kádár, iliyowekwa baada ya hapo, ilijua kwamba watu waliopigwa hawatosheki kwa maneno. Walihitaji bidhaa madukani. Tarehe 1 Januari 1968 ilianzisha taratibu mpya za uchumi zilizowapa wakuu wa viwanda uhuru zaidi wa kuamua mambo yao. Lakini mitambo na bidhaa za Magharibi zilinunuliwa kwa dola na marki, na forinti ya Hungaria haikukubaliwa huko. Mgeni wa Magharibi alizibeba fedha hizo mfukoni mwake. Ilikuwa kana kwamba serikali imeisoma methali ya wahenga na kuifasiri kwa hesabu: mgeni njoo, hazina ipone.

Kwanza ilijaribiwa katika ukingo wa Pest, mahali palipokuwa na hoteli zilizoteketea. Duna Intercontinental, iliyochorwa na József Finta, ilifunguliwa siku ya mwisho ya mwaka 1969. Baadaye ilichukua jina la Marriott. Nchi nyingine za upande ule zilifanya vivyo hivyo: Intercontinental ilifunguliwa Bucharest mwaka wa 1971 na Praha mwaka wa 1974. Kisha macho ya Budapest yakainuka kutazama kilima, na kiwanja cha watawa na Wajesuiti. Ardhi na nyumba zingebaki mali ya dola kwa njia ya kampuni yake ya hoteli; jina na uendeshaji ungekuwa wa Hilton. Ukomunisti haukumuuzia bepari jiwe hata moja. Ulimkodisha mlango wa kuandikia jina lake.

Kabla ya kujengwa, kiwanja kilichimbwa na wanaelimu wa mambo ya kale. Mpangilio wa kanisa la Mtakatifu Nikola na wa makao ya watawa ukafunuliwa, Katalin H. Gyürky, aliyeyachunguza mabaki hayo, alitoa kitabu juu yake mwaka wa 1981. Bila ya hoteli, huenda fedha za kuchimba zisingepatikana upesi. Na bila ya kuchimba, hoteli ingejengwa juu ya kaburi lisilojulikana. Hapana budi kukiri kwamba biashara na elimu zilisaidiana hapo, kila moja kwa sababu zake.

Mchoraji wa hoteli, Béla Pintér, alipewa mtihani ambao wachoraji wachache wangeutamani. Alipaswa kuweka vyumba vipatavyo 300 katika mtaa wa nyumba fupi, kando ya kanisa la taji, juu ya magofu ambayo hayakuruhusiwa kuguswa. Aliuhifadhi uso wa nyumba ya Wajesuiti ukawa uso wa hoteli upande wa uwanja. Mnara wa Nikola, wenye nakala ya sanamu ya Mfalme Matthias ambayo asili yake ya mwaka 1486 iko Bautzen, Ujerumani, aliufanya kiungo baina ya sehemu za jengo jipya. Nafasi ya ndani ya kanisa, isiyo na paa, ilibaki ua ulio wazi kwa mbingu, na katika majira ya joto muziki hupigwa humo. Sehemu mpya hakuzivisha matao wala minara ya kuigiza. Alizivisha kioo, na ndani ya kioo hicho Ngome ya Wavuvi hujiona. Milango ilifunguliwa mwaka 1976 ulipokuwa unakwisha na 1977 unaingia.

Hukumu za watu ziligawanyika, na hazijaungana hata sasa. Wapo walioona kwamba jengo ni kubwa mno kwa mtaa wake, na kwamba kioo ni lugha ya ofisi za benki iliyopenyezwa katika mazungumzo ya mawe. Wapo walioona kwamba kioo kimefanya adabu, kwa kuwa kinamrudishia mtazamaji sura ya majirani badala ya sura yake chenyewe, na kwamba magofu yaliyoonekana ni bora kuliko magofu yaliyozikwa. Kila upande una sehemu ya haki. Lakini mgeni anayepita baina ya majengo yale hukumbwa na kosa moja ambalo pande zote mbili hulijua. Akiitazama Ngome ya Wavuvi, huamini kuwa ni ya zama za kati; akikitazama kioo, huamini kuwa ndicho kilichovunja umri wa mahali. Ukweli ni kwamba Ngome ya Wavuvi ni kazi ya Frigyes Schulek ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na haikupata kulinda mji dhidi ya adui yeyote. Nyuma ya kioo, kimyakimya, ndiko lilikolala jiwe lililo kongwe kuliko minara ile kwa miaka zaidi ya 600. Lililo la kale halikufanana na ukale, na lililofanana na ukale halikuwa la kale.

Kulala katika hoteli ya namna hii ni kununua vitu viwili kwa bei moja. Cha kwanza ni usawa. Msafiri aliyechoka, asiyejua lugha ya mji, hununua hakika kwamba kitanda kitakuwa safi, maji yatakuwa ya moto, na mtu wa mapokezi atamwelewa. Usawa huu haufai kudharauliwa. Mtu aliyepata kulala katika nyumba ya wageni yenye kunguni anajua thamani yake, na kampuni iliyouunda imestahili malipo yake. Cha pili ni upekee: mnara, mto, kanisa, na hisia ya kulala katikati ya karne nyingi. Kitu hiki kampuni haikukiunda. Kiliundwa na Béla na watawa wake, na Wajesuiti, na hata Waturuki na mabomu; kilitunzwa na mji na kuchimbwa na wanaelimu. Hata hivyo vyote viwili huandikwa katika hati moja ya malipo, na jina lililo juu ya hati ni la yule aliyeunda kimoja tu. Ni kweli kwamba miji hutoza kodi kwa usiku wa mgeni, na kwamba mwenye nyumba hupata fungu lake. Lakini kodi huhesabu vitanda, haihesabu karne.

Katika miaka ya mwanzo walikuwapo pia wenyeji ambao hesabu haikuwataja. Mfanyakazi wa Budapest alilipwa kwa forinti, na hoteli ilijengwa kwa ajili ya mtu wa dola. Katika miaka ya 1980 ilifunguliwa humo nyumba ya kamari ambayo fedha zake zilikuwa fedha za kigeni, na wachezaji wake walikuwa wageni. Mhungaria aliyeupanda mlima wake siku ya Jumapili aliweza kuuona uso wa nyumba ya mababu zake, na taa zikiwaka ndani yake kwa ajili ya wengine. Wapishi, wapagazi na watandika vitanda walikuwa watu wa mji; wao ndio waliotenda kazi yote ambayo methali humpa mwenyeji, lakini waliitenda kwa sare yenye jina la mtu aliyezaliwa New Mexico. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Nyumba haipotezi wenyeji wake siku mgeni anapoingia. Huwapoteza siku wao wanapoanza kuingia kwa mlango wa nyuma.

Mwaka wa 1987 kingo za Danube na mtaa wa kilima cha Buda viliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwaka wa 1989 utawala wa chama kimoja ukafikia ukingoni, na forinti na dola zikaanza kukaa meza moja. Mhungaria mwenye fedha aliweza sasa kulala kilimani, lakini jina la mlangoni halikubadilika. Lilizidi kuhama mikononi mwa matajiri wa mbali: TWA iliacha kulimiliki tawi la ng'ambo la Hilton, Ladbroke ya Uingereza ikalinunua mwaka wa 1987, na mwaka wa 2006 likaunganishwa tena na Hilton ya Marekani. Mawe hayakuambiwa, wala hayakuwa na haja ya kuambiwa.

Tabia hii ya jina, ya kuhama na kuondoka, inajulikana vizuri Nairobi pia. Huko Hilton ilifunguliwa mwaka wa 1969 katika mnara wa mviringo ulio katikati ya mji, na serikali ya Kenya ilikuwa na hisa katika kampuni iliyoumiliki. Kwa zaidi ya miaka 50 watu walipatana kukutana Hilton, na mahali pakaitwa kwa jina la kampuni. Mwisho wa mwaka 2022 hoteli ikafungwa. Mnara ulibaki umesimama. Waliodhani kwamba jina ndilo nyumba walipata somo siku ile. Jina lilikuwa mgeni wa siku nyingi, naye mgeni hata akae nusu karne huweza kufunga mizigo yake asubuhi moja.

Juu ya kilima cha Buda somo hilo lina uzito zaidi kwa sababu zamu inageuka tena. Tangu mwaka wa 2019 dola ya Hungaria imekuwa na mpango, ulioitwa kwa jina la mchoraji Alajos Hauszmann, wa kuyajenga upya majengo ya jumba la kifalme na jirani zake kama yalivyokuwa kabla ya vita. Ukumbi wa Mtakatifu Stefano ulifunguliwa mwaka wa 2021. Fikra ya Venice, kwamba kipya kijioneshe kuwa kipya, imepata mpinzani mwenye nguvu na fedha. Katika mazingira hayo hoteli ya kioo, iliyolaumiwa kwa upya wake, inaanza yenyewe kuwa jambo la historia: shahidi wa miaka ambayo mji uliojeruhiwa ulikubali kuonyesha kovu lake kwa mgeni badala ya kulipaka rangi. Huenda wajukuu wakaitetea kwa maneno yaleyale ambayo mababu waliitolea lawama.

Basi, nani amepona? Msafiri amelala salama. Kampuni imepata faida, na dola ilipata fedha ilizozitafuta. Kanisa la Nikola, lililokuwa limekufa tangu 1686, limepata ua, muziki na macho ya kulitazama. Katika hesabu ya haki hili ni jambo kubwa, na pasipo hoteli pengine lisingekuwapo. Deni lililobaki ni la wenyeji wa mji. Haliwezi kulipwa kwa kuifukuza kampuni, maana wageni wa kilima kile wote walikuja na wote waliondoka, wala kwa kuvaa mawe ya bandia. Laweza kulipwa kwa sharti moja ambalo mji wowote wenye mawe ya kale waweza kuliandika katika mkataba kabla ya kukabidhi funguo: kwamba atakayepewa magofu ayatunze atayafungulia mlango hata yule asiyelala hapo, wala hana fedha ya kulala. Yule ndiye mwenyeji. Magofu yakifungwa yabaki ya mwenye chumba peke yake, methali itakuwa imegeuzwa, na mwenyeji atakuwa amesimama nje ya daka lake akingoja kukaribishwa.